Mwanafunzi Wenu Amepima Maziwa ya Baba Mkwe Wangu

Nyamitaba, Jumatatu tarehe 9 Juni

Kwa Bwana Raphaël,
Prefe wa Masomo, Shule ya Ufundi wa Kilimo na Mifugo

Kuhusu: kuomba, kwa heshima zote, mumwondoe kwangu mwanafunzi wa mazoezi ya kazi (staji) aitwaye Umuhoza

Bwana Prefe,

Nakuamkia wewe na nyumba yako, na kabla sijasema lolote nakuomba usishangae mwandiko wa barua hii. Ni mzuri, na mistari imenyooka kama maharage yaliyopandwa kwa kamba. Wewe mwandiko wangu unaujua tangu siku niliposaini mkataba wetu mbele ya mpiga picha, kwa hiyo utagundua mara moja kwamba huu si wangu. Maneno lakini ni yangu yote, na hasira pia ni yangu.

Mimi ni Habumugisha Valens, mtengenezaji wa jibini, au fromaji kama tunavyosema huku kilimani. Kazi hii niliachiwa na baba yangu pamoja na sufuria moja kubwa ya shaba, ambayo tumekimbia nayo mara tatu na kurudi nayo mara tatu. Majirani walipokimbia walibeba magodoro. Sisi tulibeba sufuria, tukalala chini. Nakueleza haya upate kujua kwamba kazi yangu sichezi nayo.

Mwaka juzi mlitualika sisi waajiri wa Masisi katika ukumbi wenu. Palikuwa na kitambaa kirefu ukutani kilichoandikwa SHULE NA MWAJIRI, MIKONO MIWILI KAZI MOJA. Tulipewa kofia, soda na biskuti, kisha wewe ukatoa hotuba ukasema kwamba mahali pa kazi pa mwajiri ni darasa la pili. Nilipiga makofi kwa nguvu, nikijua kwamba ni maneno ya sherehe, kama yale yanayosemwa kwenye harusi. Hakuna aliyenionya kwamba siku moja atakuja mtu kuyadai.

Na mwaka wa kwanza, lazima niseme kweli, mambo yalikwenda vizuri. Mlinitumia Émile. Huyo alikuwa mwanafunzi wa staji kama inavyotakiwa. Kwa miezi mitatu hakuuliza kitu. Aliteka maji, aliosha pikipiki yangu mpaka ikaanza kupoteza rangi, alimbebea mke wangu Uwamwezi mizigo kutoka sokoni, na ile sufuria aliiona mara mbili tu, siku tuliyoitoa nje kuisugua na siku tuliyoirudisha. Nilimpa alama kumi na tisa juu ya ishirini. Mlifurahi nanyi, nami nilifurahi. Leo Émile anaosha pikipiki za watu pale njia panda, na ukimwona utakubali kwamba staji ilimfaa, kwa sababu hakuna anayeosha kama yeye.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, mkanitumia Umuhoza. Malalamiko yangu juu yake ni haya.

1. Alifika kwa wakati. Mkataba unasema saa moja asubuhi. Kwetu hapa saa moja maana yake ni pale ukungu unapoondoka, na ukungu wa Nyamitaba hauna haraka. Yeye saa moja kamili alikuwa mlangoni, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, daftari kwapani, na mimi povu la mswaki bado liko mdomoni. Nikampangia kazi zote za staji kama nilivyompangia mwenzake: maji, ufagio, pikipiki, na kumbeba mtoto wangu mdogo wakati mama yake yuko shamba. Saa tatu alikuwa amemaliza. Pikipiki inang'aa, mtoto amelala. Akaja akasimama mbele yangu akauliza jibini inaanzia wapi. Bwana Prefe, katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

2. Anauliza, na hachoki. Neno lake ni moja: "Papa, juu ya nini?" yaani kwa nini. Juu ya nini tunakoroga upande huu na si ule, juu ya nini chumvi inaingia leo na si kesho, juu ya nini jiwe la kukamulia ni hili hili tangu zamani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema lolote juu ya yule anayeulizwa.

Hapa niingize jambo la kiwiko. Mimi joto la maziwa napima kwa kiwiko, kama baba yangu alivyopima. Nakunja shati, nachovya kiwiko, nafumba macho, nasema tayari. Wako wateja wanaokuja mapema ili kuona hilo tu. Umuhoza alitoa kipimajoto mfukoni akakichovya karibu na kiwiko changu. Kiwiko kikasema tayari. Kipimajoto kikasema maziwa ni ya moto mno, yapoe nyuzi tano. Nikamweleza kwa upole kwamba kiwiko changu kina uzoefu wa miaka ishirini na sita, na hicho kipimajoto chake kimetoka dukani juzi. Aliyaandika maneno yangu kwenye daftari, na chini yake akaandika majibu yote mawili, la kipimajoto na la kiwiko. Akafanya hivyo siku nne mfululizo. Siku zote nne kiwiko kilishindwa, nami nikaanza kuvaa shati la mikono mirefu.

3. Amesoma mkataba. Mimi niliusaini tu, na ndivyo watu wazima wanavyofanya na mikataba. Yeye ana nakala, anaitunza kwenye mfuko wa plastiki isilowe, na siku nilipomwambia aende kumsaidia mke wangu kumenya ndizi aliitoa akanisomea kifungu cha nne: mwajiri atamwonyesha mwanafunzi kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho, na hataficha lolote. Nikauliza ni mpumbavu gani aliyekubali jambo kama hilo. Akanionyesha saini.

Basi nikalazimika kumkaribisha kwenye sufuria. Na hapo nikagundua jambo ambalo nadhani hukutaka sisi waajiri tulijue. Binti huyu amesoma jibini kwenu miaka mitatu bila kugusa maziwa. Mlimfundisha ubaoni, kwa ng'ombe wa chaki. Anaweza kukuchorea tumbo la ng'ombe lenye vyumba vyake vinne na majina yake kwa Kifaransa, lakini maziwa yanayoganda alikuwa hajayaona kwa macho. Siku ya kwanza yalipoganda mbele yake aliyagusa kwa kidole, akacheka peke yake. Nilipata huruma kidogo. Lilikuwa kosa langu, kwa sababu kuanzia siku hiyo hakutoka tena karibu na sufuria.

4. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Wewe ni mtu wa huku, huna haja ya kuelezwa jinsi maziwa yanavyopokelewa. Mtu akikuletea maziwa unayapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unauliza hali ya ng'ombe, kisha unamimina. Huyachungulii. Kuchungulia maziwa ya mtu ni kumchungulia mtu mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyopokea maziwa ya kilima kizima miaka yote hii, na kwanza kabisa ya baba mkwe wangu, Mzee Hakorimana, ambaye alinipa binti yake bila kunipima chochote.

Sasa nyinyi mlimpa Umuhoza kile kijiti cha kioo chenye namba, kinachoelea ndani ya maziwa. Asubuhi moja mzee amefika na bidoni yake ya lita ishirini. Hajaketi hata. Mimi bado natafuta kigoda, binti amekwisha kuzamisha kioo, mbele ya watu sita, anasoma kwa sauti kama yuko darasani: "Makumi mbili na munane. Inapashwa kufika makumi tatu. Papa, hii maziwa iko na maji."

Baba mkwe wangu alivua kofia akaivaa tena. Hakumtazama binti, alinitazama mimi. "Bokilo," akasema, kama tunavyomwita mkwe huku, "miaka makumi mbili nakuletea maziwa. Leo njo unanipima?" Akachukua fimbo yake akaondoka, bidoni akaiacha palepale. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na maziwa yake anawagawia majirani bure ili mimi nisikie.

5. Amekataa kuomba radhi kama nilivyotaka. Uwamwezi aliposikia kwamba baba yake ameitwa mwizi wa maji, aliacha kusema nami. Ananipikia, sahani anaiweka mezani, anatoka. Nikamwita Umuhoza nikamwambia apande kwa mzee, apige magoti, aseme kioo kilikosea. Akasema: "Papa, nitaomba pardoni juu ya adabu. Juu ya namba, hapana." Mimi naita hicho kiburi na kichwa ngumu. Wewe mwalimu utajua neno lake la shuleni.

Ndipo nikamwambia kwamba karatasi yake ya alama sitaisaini. Naambiwa bila karatasi hiyo hataruhusiwa kufika mbele ya jury yenu ya mtihani Ijumaa hii, na mwaka wake utakuwa umepotea. Naambiwa pia kwamba miaka miwili mingine ilikwisha kupotea wakati familia yake ilipokuwa ikikimbia, na kwamba mama yake ameuza mbuzi wa mwisho ili amalize shule. Nasikitika kusikia. Lakini yeye anapoteza mwaka, mimi nimepoteza baba mkwe, na baba mkwe hapatikani tena kila Septemba.

6. Binti mwingine angelia, mambo yakaisha. Huyu alipanda kilima. Alfajiri alikwenda kwa Mzee Hakorimana wakati wa kukamua, akamwomba bibi, mke wa mzee, radhi kwa ajili ya adabu kama alivyoahidi, akaomba ruhusa ya kuyasindikiza maziwa ya jirani yanayoshuka kwangu kwa njia ileile. Akayafuata maziwa kutoka titi la ng'ombe mpaka mlango wangu, na kikombe mkononi, anahesabu.

Nawe unajua kwamba kwetu maziwa hayamwagwi. Tone likibaki chini ya chombo, ni aibu na ni mkosi. Unatia maji kidogo, unasuuza, unamimina pamoja na mengine ili lisipotee. Ndivyo tulivyolelewa. Basi anayekamua husuuza kibuyu chake, kikombe kimoja. Mama wa nyumba husuuza chujio, kikombe kimoja. Anayebeba huhamisha maziwa pale njia panda kwenye bidoni kubwa, naye husuuza, vikombe viwili. Mfanyakazi wangu wa mlangoni husuuza, kikombe kimoja. Wote wanafanya hivyo kwa heshima ya ng'ombe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuita hayo maji.

Jioni alifunga mlango, akanipa daftari nisome. Nikasoma mikono minne ya hao wanaosuuza. Chini yake palikuwa na wa tano: Papa Valens, vikombe sita. Ni kweli. Kabla ya kuwasha moto mimi husuuza kila bidoni kwa maji ya kijito na kumimina katika sufuria, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye sufuria, nasuuza kwa moyo mkunjufu. Akaniambia taratibu, bila kunicheka: "Papa, hakuna mwizi. Ni kusuuza tu. Na mukono mukubwa njo yako."

Bwana Prefe, ukiambiwa kuna mwizi unavumilia. Unamtafuta, unakana, maisha yanaendelea. Kuambiwa kwamba hakuna mwizi ni kubaya zaidi, kwa sababu sasa inabidi mtu mwenye ndevu apande kilima amwambie baba mkwe wake kwamba maji mengi ya sufuriani yametiwa na mkwe. Nikamwamuru Umuhoza anyamaze. Amenyamaza wiki tatu. Na kunyamaza kwake kunanisumbua kuliko maswali yake yote.

7. Ameharibu jibini yangu, nayo sasa haina matundu. Ilikuwa ikijulikana kwa matundu yake. Mama Blandine, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Mpofi, ndiye anayeichukua kwa lori lake kupeleka Walikale, na kila aliporudi alikuwa na neno lilelile: "Papa Valens, fromaji yako inavimba njiani sawa mukate. Bantu ya Mpofi banauliza kama ni ya kula ao ni ya kujisugulia." Zilizovimba zaidi alinirudishia, nami niliwapa nguruwe. Ulikuwa utaratibu mzuri, kila mtu anaujua.

Sasa, baada ya lile daftari, nikaacha kumimina maji ya kusuuzia katika sufuria, kwa majaribio tu, na bila kumwambia mtu. Umuhoza aliona, akaanza kuyapeleka maji hayo kwa ndama ili tone lisipotee na ng'ombe wasikasirike. Daftari lake linasema pia kwamba maji ya kijito ndiyo yaliyokuwa na vijidudu vya kuivimbisha. Matokeo ni haya: hakuna kipande kilichovimba tangu mwezi uliopita. Mama Blandine anataka mara mbili ya kile alichokuwa akichukua, na anapeleka mpaka Ntoto ambako sijawahi kufika. Rafu zangu ni tupu. Alhamisi, ambayo ilikuwa siku yangu ya kupumzika na kupanga zile zilizorudishwa, sasa ni siku ya kazi. Nguruwe wamekonda. Ninapowapita wananitazama kama mimi ndiye niliyesaini mkataba.

Kwa sababu hizo zote, Bwana Prefe, naomba mumwondoe Umuhoza na mniletee mwanafunzi wa kawaida. Awe na mikono yenye nguvu na macho ya wastani. Asiwe na kalamu. Kama yupo aliyeshindwa mtihani wa hesabu, huyo mtangulize.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kupenda maendeleo, naongeza mapendekezo juu ya ushirikiano wetu kwa jumla. Kwanza mkataba uandikwe kwa lugha ambayo mwanafunzi haisomi. Karatasi za alama zije zimejazwa tayari, kumi na tisa kwa kila mtu, ili tusiwe na fitina. Mwanafunzi afanyie staji nyumbani kwa mwajiri na si mahali pa kazi, maana nyumbani ndiko kuna vyombo vya kuosha. Vipimo vyote vibaki kwenu kabatini pamoja na ng'ombe wa chaki. Huko havitamvunjia mtu heshima. Na nikifikiri zaidi naona kwamba shida yote ya staji inaletwa na wanafunzi. Tungeweza kukutana mara moja kwa mwaka sisi wenyewe, shule na waajiri, tukavaa zile kofia, tukasaini, tukapigwa picha chini ya kitambaa, tukanywa soda, tukaachana kwa amani. Wafadhili wangeiona picha, nawe ungekuwa na ripoti. Kuna kitu gani kingepungua?

Natumaini utalitazama ombi langu kwa jicho la baba na utalijibu kabla ya Ijumaa. Nisalimie Mama wa nyumba yako, walimu wote, yule mlinzi wa lango aliyeninyang'anya kofia ya pili siku ya sherehe, na mpiga picha. Mwambie picha yangu bado naisubiri. Hapa kwetu sote tu wazima, isipokuwa nguruwe.

Wako katika ushirikiano,

HABUMUGISHA Valens
Mwajiri mshirika

P.S. Jumatano asubuhi. Huu ndio mwandiko wangu, sasa unauona.

Hayo yote ya juu yameandikwa na Umuhoza. Macho yangu ya karibu yamechoka, mke wangu alikuwa hasemi nami, na katika nyumba hii hakuna mwingine anayejua Kiswahili cha barua. Jumatatu nilimwita nikamwambia aandike ninavyosema, asibadilishe neno. Aliandika kila kitu dhidi yake mwenyewe. Hata zile namba ni yeye aliyezipanga, mimi nilikuwa nachanganya. Aliinua kichwa mara moja tu, kuuliza kama aandike kiburi au kichwa ngumu. Nikamwambia aandike yote mawili, akaandika.

Alipomaliza alinisomea kwa sauti kutoka mwanzo. Alipofika pale pa jury ya Ijumaa hakuruka neno, akaendelea mpaka kwenye nguruwe. Kisha akauliza kama anaweza kuipeleka mwenyewe, kwa kuwa Jumatano anashuka shuleni na si vizuri kumsumbua mtu mwingine. Akanirudishia kalamu, akaenda kugeuza jibini kwenye rafu, maana saa yake ilikuwa imefika.

Niliona haya, Bwana Prefe. Nilikaa na barua hiyo magotini mpaka chai ikapoa. Mimi kwa miaka ishirini na sita sijawahi kuandika hata nusu mstari dhidi yangu, na yeye aliandika kurasa nzima kwa herufi nzuri.

Jana nilipanda kwa Mzee Hakorimana. Nilivaa shati la mikono mifupi, kiwiko kiko wazi. Nikamhesabia mikono yote mitano mbele ya bibi, na wangu nikauweka wa mwisho na mkubwa. Aliishika fimbo yake, nikadhani inanijia. Kisha akasema: "Bokilo, nilizani unanizarau. Kumbe ni maji tu." Akaingia zizini akakamua mbele yangu, hakusuuza kitu, akaniambia nipime. Nilikuwa na kioo mfukoni. Kikasema makumi tatu na moja. Mzee akawaita majirani waje waone namba yake, na sasa anasema maziwa ya mtu ambaye hajapimwa yasiingie tena kwangu, ni dharau kwa wenye namba nzuri. Niliporudi nyumbani Uwamwezi aliniuliza kama chumvi inatosha. Ilikuwa haitoshi. Nilisema inatosha.

Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii kuanzia hapa, na hayo ya juu uyahifadhi kabatini karibu na yule ng'ombe wa chaki. Usimwondoe Umuhoza. Baada ya jury, kama hatapata mahali pazuri zaidi, mwambie sufuria ya baba yangu inamngoja, na si kwa staji. Wanafunzi wenu wengine nao walete huku hata kwa siku moja moja waone maziwa yanavyoganda, maana kule kucheka kwake peke yake bado nakukumbuka.

Kuna jambo la Émile pia. Nilimpa kumi na tisa kwa kuosha pikipiki. Alama hizo zifute, na yeye mwenyewe unirudishie, aanze upya, safari hii kwenye sufuria. Leo nikipita njia panda nitamwambia kwa mdomo wangu. Pikipiki nitaiosha mimi.

Bahasha nitaifunga kwa gundi, na anayekuletea hajui kilichoandikwa kwenye ukurasa huu. Amesimama nje na mfuko wake wa plastiki, anadhani amebeba mwisho wa masomo yake, na hata hivyo ameniuliza kama nina kitu kingine cha kutuma. Tafadhali usimweke mlangoni.

Karatasi yake ya alama imo humu ndani, nimeisaini. Nimempa kumi na nane. Mbili zilizobaki nimejiwekea mimi, kwa sababu miezi hii mitatu tulikuwa wawili kwenye staji.